Kwa Figo za Pundlik Gawande, Kitanda cha Kumi na Saba

Moyo umetungiwa mashairi hadi umebweteka,
ini limeapiwa na wapenzi wa kila rika;
ninyi wawili, mliokaa mgongoni
kama watoto wasioitwa sebuleni wageni wakija,
nani aliwahi kuwasalimu?

Nawasalimu mimi, Vasudha, muuguzi wa zamu ya usiku,
Nagpur, wodi ya kuvu nyeusi,
saa nane na robo, feni ikisaga joto.

Mwenye ninyi amelala. Jicho lake la kushoto tulilizika Jumanne
(hatusemi "lilitolewa" mbele yake).
Kuvu iliingia puani ikapanda,
nyeusi kama sufuria iliyosahauliwa mekoni,
na kilichobaki cha kuizuia ni chupa hii ya manjano,
rangi ya maji ya binzari,
ambayo wenzangu huiita Tetemeko
kwa jinsi inavyowatikisa watu kitandani.

Dawa ya moto ni moto, walisema.
Hawakusema moto wa pili utaunguza chumba cha nani.

Siwafichi. Kuvu imejengwa kwa mafuta yake,
ninyi kwa mafuta yenu,
na mafuta hayo yamefanana kama ndugu wa ziwa moja.
Dawa huja gizani, hupapasa ukuta,
huchomoa mafuta ya adui,
kisha yenu,
kwa kuwa haikufunzwa kutofautisha sura.
Kreatinini: sifuri nukta tisa. Moja nukta nne.
Leo, mbili nukta moja.

Iko iliyo bora, iliyovikwa viputo vya mafuta
ili ipite kwenu kama mgeni mwenye adabu, viatu mkononi.
Mkewe, Anusaya, ameuza safu arobaini za michungwa.
Zimenunua siku sita.
Siku ya saba duka la dawa likainua mikono.
Basi tumeirudia hii ya zamani,

na mimi nina chumvi.
Chumvi tu. Nusu lita ya maji ya chumvi, tone kwa tone, kabla,
ili mishipa yenu isijikunyate.
Kisha nausuuza mrija, nausuuza tena kwa maji ya sukari,
maana chumvi na dawa hii zikikutana njiani
huganda kama maziwa yaliyotiwa limau.
Mmoja atangulie, aondoke, ndipo mwenzake aingie:
wake wenza wa mrija mmoja.
Halafu polepole. Saa sita badala ya nne.
Daktari Bhoyar anasema nina uoga.
Ninao. Nimeufunga mkononi, una mishale miwili.

Ketaki, binti wa dada yangu, yuko maabara, Pune.
Alinichorea molekuli nyuma ya risiti ya mboga.
"Mama mdogo, hapa, kitawi hiki. Tukikipindua,
huenda ikajifunza kumwona mtu."
Huenda. Alilirudia neno hilo mara tatu.
Panya wao, alisema, bado wanakojoa vizuri.
Nilicheka, nikaitia risiti mfukoni mwa sare.
Ipo hapa. Imefuliwa mara mbili. Kitawi kimefutika.

Saa kumi na moja. Amezinduka, anatetemeka kidogo,
anauliza kama chungwa linaruhusiwa.
Potasiamu imeshuka, mnaivujisha ninyi;
ale, ale mawili!
Anamenya kwa kidole gumba, bila kutazama,
ganda moja refu lisilokatika,
kazi ya miaka arobaini.
Pande la kwanza ananipa mimi.

Nainama chini ya kitanda, naiinua chupa ya mkojo
mbele ya taa kama sonara.
Mililita mia tatu na themanini tangu usiku wa manane.
Jana, saa hizi, mia mbili na kumi.
Sijui kama ni ninyi, au chumvi, au saa mbili zile za uoga.
Naandika.
Kalamu inanata vidoleni, chungwa.